Muuza Kahawa wa Mtaani Kwetu

Mgeni akifika Mji wa Kale huenda moja kwa moja Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Sawa, lakini mimi nataka niwaeleze juu ya muuza kahawa.

Kazi yake si ya kitoto. Buni hukaangwa, zikatwangwa, zikachemshwa na tangawizi, kisha kahawa hutiwa katika dele lenye makaa chini yake. Mkono mmoja hubeba dele, wa pili hugonganisha vikombe. Ukisikia mlio huo Kibokoni, jua wazee wako barazani. Kahawa ni tungu, haina sukari, ndiyo maana watu huinywa kwa tende, halua au kashata.

Baraza nayo si pa porojo tu. Hapo ndipo habari za msiba, harusi na mpira hupatikana. Muuza kahawa hupita baraza zote, kwa hivyo anajua nani yupo na nani hayupo.

Mwaka jana mzee mmoja jirani yetu hakutokea siku mbili. Sisi tuliopakana naye ukuta kwa ukuta hatukutambua. Muuza kahawa ndiye aliyekuja kubisha: "Hodi! Mzee yuwapi leo?" Mlango ulipofunguliwa tulimkuta yu hoi kwa homa, tukamkimbiza hospitali. Alhamdulillahi, alipona.

Wanafunzi wenzangu, tusiseme tena kuwa kuuza kahawa ni kazi ya wasiosoma. Asiyekujua hakuthamini.