Kapasita Moja Ndani ya Pedali ya Gitaa

Wapiga gitaa wanaoniletea pedali zao za ovadraivu, zile zinazoipa sauti mkwaruzo, huja na ombi linalofanana: "Fundi, nitolee chipu hii, uniwekee ile ya zamani ya Kijapani." Wamesikia kwamba utamu wote umo katika kile kipande cheusi chenye miguu minane, na wako tayari kukilipia pesa nyingi. Mimi huwauliza kwanza: "Unapigia wapi, na unapiga na nani?" Jibu lao ndilo linaloniambia cha kubadilisha, na mara nyingi ni kapasita moja ya bei ya pipi.

Pedali ninayoizungumzia ni Tube Screamer ya Ibanez, ile ya kijani. Ilibuniwa Japani na mhandisi Susumu Tamura. Toleo la TS808 lilitoka mwishoni mwa miaka ya 1970, na TS9 ikafuata mwaka 1982. Stevie Ray Vaughan, mpiga bluzi wa Texas, aliipa sifa iliyoenea dunia nzima. Pedali nyingi za bei nafuu zilizomo madukani leo zimefuata saketi hiyo karibu yote, kwa hiyo anayeielewa hii amezielewa nyingi.

Kazi ya chipu ni kukuza sauti dhaifu inayotoka kwenye gitaa. Chipu hiyo ni ya jamii ya 4558, na fundi yeyote anayetengeneza sabufa ameshakutana nayo. Mkwaruzo unaletwa na dayodi mbili zilizofungwa pembeni yake, moja ikitazama huku na nyingine kule. Dayodi ya silikoni haipitishi umeme wa maana mpaka ifike karibu volti 0.6. Wimbi la sauti likipanda hadi hapo, dayodi inafunguka, ukuzaji unashuka, na kilele cha wimbi kinabanwa. Katika kubanwa huko ndiko sauti inakopata ukali na uzito. Wakati huohuo sauti asilia ya gitaa inaendelea kupita chini ya ile iliyobanwa, ndiyo maana hata ukikoleza mkwaruzo, mguso wa kidole chako bado unasikika.

Sasa tufike kwenye kapasita. Karibu na chipu kuna rezista ya omu 4,700 iliyounganishwa mfululizo na kapasita ya maikrofaradi 0.047. Hizi mbili ndizo zinazoamua sauti zipi zikuzwe sana na zipi ziachwe. Juu ya hezi 720 hivi, ukuzaji unafanya kazi kwa nguvu zake zote. Chini ya hapo unapungua hatua kwa hatua. Waya mnene wa gitaa ukiupiga bila kuubana hutoa hezi 82, kwa hiyo besi ya gitaa lako inakuzwa kidogo sana kuliko sauti za juu, na inakwaruzwa kidogo kuliko hizo.

Wengi huona hiyo ni kasoro, na wakiwa peke yao chumbani wanayo haki: gitaa linasikika jembamba, limejaa katikati. Lakini besi ikikwaruzwa sana hutoa mvumo wa matope, na kodi, yaani noti kadhaa zilizopigwa pamoja, inakuwa donge lisilo na noti ndani yake. Isitoshe, kwenye bendi kuna mpiga besi, kuna dramu, na kuna mpiga kinanda ambaye mkono wake wa kushoto haupumziki. Gitaa lililopunguzwa chini na kupandishwa katikati linapata njia yake na kusikika. Naiheshimu sana saketi hii kwa sababu hiyo.

Kijana mmoja anayepiga ibada za katikati ya wiki, gitaa na sauti za waimbaji tu, aliniletea pedali yake akilalamika kwamba haina kifua. Kwake mabadiliko yalikuwa halali. Nilitoa kapasita ya 0.047 nikaweka ya 0.1, na ule mpaka wa hezi 720 ukashuka hadi karibu 340. Kodi zake zikanenepa, na noti zikabaki zinatofautiana. Ningeweka ya 0.22, mpaka ungefika karibu hezi 150, na kwa masikio yangu hapo matope huanza.

Dayodi nazo zinabadilishwa. Ukiweka LED mbili nyekundu mahali pa zile za silikoni, wimbi halibanwi mpaka lifike karibu volti 1.7. Sauti inakuwa kubwa zaidi, na tofauti kati ya kupiga kwa upole na kupiga kwa nguvu inaonekana wazi. Ukiongeza dayodi ya tatu upande mmoja, kila upande wa wimbi unabanwa kwa kipimo chake. Kampuni ya Boss ilitumia njia hiyo katika pedali yake ya SD-1 ya mwaka 1981, na ukali wake una ladha nyingine.

Na ile chipu ya zamani? Nimezisikiliza za aina nyingi katika bodi moja, na tofauti niliyoisikia ni ndogo sana kuliko ile ya kapasita. Hata TS808 na TS9, ambazo bei zake kwa wakusanyaji zimeachana mbali, saketi zao zinatofautiana hasa kwa rezista mbili za mwishoni, pale sauti inapotokea. Pesa ya kununulia chipu adimu ni heri ikanunue pasi nzuri ya kulehemu.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, chomoa adapta na utoe betri kwanza. Piga picha bodi kabla ya kugusa chochote. Usiache ncha ya pasi juu ya bodi kwa muda mrefu, maana njia za shaba hubanduka. Badilisha kitu kimoja, sikiliza, kisha ndipo uende kwenye kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimeleta nini. Kipande ulichokitoa kihifadhi kwenye bahasha na uandike namba yake. Unaporudisha umeme, angalia adapta: pedali nyingi za aina hii zinataka hasi katikati ya plagi, na adapta nyingi za vifaa vingine zina chanya.

Kisha usitoe hukumu ukiwa chumbani. Nenda nayo mazoezini, bendi nzima ikiwa inapiga, na wimbo ukiisha muulize mpiga besi kama bado anajisikia.