Gegedu la Goti Limechanika: Je, Lazima Upasuliwe?

Majibu ya MRI yakisema gegedu la goti limechanika, wengi huanza kuulizia gharama za upasuaji siku hiyohiyo. Kwa mtu aliyevuka miaka 40, ambaye maumivu yalimwanza taratibu bila ajali, hiyo ni haraka isiyo na sababu.

Kila goti lina magegedu mawili yenye umbo la hilali, yanayotandaza uzito wa mwili kati ya mfupa wa paja na wa muundi. Ukingo wa nje wa gegedu hupata damu, hivyo jeraha la huko laweza kuunga, hasa kwa kijana. Sehemu ya ndani haina mishipa ya damu. Haiungi hata ulale mwaka mzima. Lakini kutounga si lazima kuume. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 uliwapima kwa MRI watu 991 wenye umri wa miaka 50 hadi 90. Kati ya waliokutwa na mchaniko, asilimia 61 hawakuwa na maumivu wala ukakamavu wa goti mwezi uliotangulia.

Watafiti wa Finland walithubutu zaidi. Wagonjwa 146 wa miaka 35 hadi 65, waliochanika gegedu kwa uchakavu, waliingizwa wote chumba cha upasuaji na goti likachunguzwa kwa kamera. Wengine walikatwa kipande kilichochanika; wengine waliigiziwa tu, vifaa vikisogezwa na muda ukipitishwa. Hawakuambiwa nani kafanyiwa nini. Baada ya miezi 12 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, bila tofauti ya maana.

Goti lililokwama, lisilonyooka kabisa, ni habari nyingine: huenda kipande cha gegedu kimejikunja katikati ya kiungo. Hapo muone daktari bingwa wa mifupa mapema. Vivyo hivyo kijana aliyejipinda goti uwanjani. Muulize daktari: atashona au atakata? Kushona kunadai miezi kadhaa ya subira, lakini gegedu linabaki. Kipande kikishakatwa hakioti tena, na hatari ya goti kusagika huko mbele huongezeka.

Na "kupumzika" kusikupoteze. Siku chache za barafu na kupunguza mwendo zinatosha. Ukilala mwezi, misuli ya paja inayolishikilia goti hunywea. Tiba yenyewe ni kuijenga misuli hiyo kwa wiki kadhaa, ukisimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Katika utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2013, takribani asilimia 30 ya walioanza na mazoezi waliishia kupasuliwa ndani ya miezi 6, na kwa jumla kundi lao halikuachwa nyuma na lile lililopangiwa upasuaji tangu mwanzo.

Kuchuchumaa sana ndiko hulibana gegedu kwa nyuma. Kwa kipindi cha mazoezi tafuta choo cha kukaa, na kama sijida inakutesa, sali kwenye kiti.