Je, Wajua Tanuru Lililopewa Hadhi ya Bibi Harusi?

Tanuru la kuyeyushia chuma ambalo Wanyiha wa Mbozi, wilaya iliyokuwa ya Mkoa wa Mbeya hadi mwaka 2016, na jirani zao Wafipa walilijenga kwa udongo, likafikia kimo cha mita 3 hivi, halikuhitaji mivukuto, kwa kuwa hewa ya moto ilipopanda ndani yake ilivuta hewa mpya kupitia matundu ya chini. Wapangwa wa Ludewa, waliokuwa chini ya Mkoa wa Iringa kabla ya Njombe kuwa mkoa, walitumia tanuru fupi na kulivuvia kwa mivukuto.

Jamii hizi zililiona tanuru kuwa mwanamke na chuma kuwa mtoto anayezaliwa humo. Wafipa walilipamba tanuru jipya kama bibi harusi, wakafukia dawa chini yake, na wayeyushaji wakajitenga na wake zao hadi kazi iishe. Ajabu ni kwamba kilichofuliwa kwa chuma hicho, yaani jembe, hakikuwa na nakshi yoyote, ijapokuwa kiliweza kutolewa mahari.

Huko China mambo yalikwenda kinyume. Kengele 65 za shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, zilizofukuliwa mwaka 1978 jimboni Hubei katika kaburi la mtawala Yi wa Zeng, aliyezikwa karibu mwaka 433 KK, zimejaa nakshi na maandishi, na kila moja hutoa sauti mbili kulingana na mahali inapogongwa. Kalibu za udongo zilizozizaa zilivunjwa tu.

Tofauti hiyo haitokani na imani peke yake. Shaba nyeusi hutiririka kama maji na kuingia katika kila mchoro wa kalibu, ilhali chuma safi huhitaji nyuzi joto 1,538 za Selsiasi ili kiyeyuke, joto ambalo matanuru haya hayakulifikia, hivyo kilichopatikana kilikuwa bonge lenye vitundu, lililochanganyika na mavi ya chuma (masalia ya mtapo, yaani ya mawe yenye chuma), ambalo Wafipa walilisafisha katika tanuru dogo lenye mivukuto kabla ya kulifua kwa nyundo. Kitu cha namna hiyo hakimiminwi katika kalibu. Yaelekea ndiyo maana heshima yote ikabaki kwa tanuru. Majembe ya viwandani yalipoenea wakati wa ukoloni, uyeyushaji ulikoma, lakini baadhi ya matanuru marefu bado yamesimama Ufipa.