Kabla ya Lami, Mshauri Elekezi

Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria Dar es Salaam, kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Watu waliona njia na vituo. Kazi ya kuvipanga ilikuwa imeanza miaka mingi nyuma.

Jiji linapotaka kupanga upya ushoroba wa barabara, hutafuta mshauri elekezi. Hadidu za rejea humweleza kazi yake: kuhesabu magari na waenda kwa miguu, kupima hifadhi ya barabara, kuwasikiliza wakazi na wafanyabiashara, kisha kupendekeza njia. Kampuni zinazoomba kazi hiyo mara nyingi hutakiwa kuleta bahasha mbili. Ya kitaalamu hufunguliwa kwanza, na ya bei hubaki imefungwa hadi alama za ubora zitolewe. Ni utaratibu wa busara, maana utafiti wa bei rahisi unaweza kuzaa barabara ya gharama kubwa.

Eneo la Jangwani, Dar es Salaam, linaonyesha waziwazi jinsi uchaguzi wa mahali unavyoweza kugharimu. Karakana ya mabasi ilijengwa kwenye bonde la Mto Msimbazi, na imefurika mara kwa mara wakati wa mvua kubwa. Mafuriko yakitokea, Barabara ya Morogoro inayopita hapo hufungwa, abiria wa Kimara hukwama. Kwa hiyo swali la maji yanapita wapi linastahili kuandikwa ndani ya hadidu tangu mwanzo, kwa uzito uleule wa idadi ya magari.

Sasa Mradi wa Bonde la Msimbazi, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, umejumuisha daraja jipya la Jangwani na kuhamishwa kwa karakana hiyo.