Reli Ilipangwa, Mji Haukupangwa

Mwaka 1884 Bunge la Marekani liliiruhusu kampuni ya reli ya Gulf, Colorado and Santa Fe kupitisha njia yake Indian Territory, eneo ambalo leo ni sehemu ya jimbo la Oklahoma. Kwenye makaratasi mradi ulikuwa mdogo: ukanda wa kupitia reli, nafasi za stesheni, na fidia. Katika sehemu ya eneo hilo, ardhi iliyobaki ilikuwa ya Wachickasaw, wenyeji wa asili wa Marekani waliohamishwa kutoka makwao Mississippi na Alabama kuanzia mwaka 1837. Waliimiliki kwa pamoja. Hapakuwa na mtu mwenye hati ya kipande chake.

Reli ilifika nchini mwao mwaka 1887, na kiangazi hicho ukaanza mji wa Ardmore. Inasimuliwa kwamba barabara kuu ilichorwa kwa mfereji uliochimbwa na plau. Wakamiminika wafanyabiashara, mawakili na wanunuzi wa pamba, na mji ukawa soko kubwa la zao hilo. Hata hivyo, mgeni hakuweza kuuziwa kiwanja. Sheria ya Wachickasaw ilimtaka alipie kibali cha kuishi nchini mwao. Jengo lilikuwa lake, ardhi iliyolibeba haikuwa yake. Mwaka 1895 moto uliteketeza sehemu kubwa ya maduka, wakajenga upya palepale, bado bila hati.

Wageni walizidi kuongezeka hadi wenyeji wakawa wachache katika nchi yao wenyewe. Waliopokelewa kwa kibali sasa walidai umiliki, na serikali ya Washington ikawasikiliza wao. Mkataba wa Atoka wa 1897 na Sheria ya Curtis ya 1898 vilifungua njia ya kupima miji na kuuza viwanja, na ardhi ya pamoja ikagawanywa kwa mtu mmoja mmoja. Mwaka 1907 Oklahoma ikawa jimbo.

Waliopanga reli walihesabu upana wa njia, wakaacha kuhesabu watu ambao stesheni ingewaleta. Pengo hilo halikubaki wazi. Lilizibwa kwa mali ya Wachickasaw. Ndiyo maana fidia ya ukanda wa reli haiwezi kuitwa fidia ya mradi. Mradi unapoletwa kwenu, msiulize tu utachukua ekari ngapi. Ulizeni ardhi iliyo kando yake itakuwa ya nani miaka 20 baadaye, na jibu liandikwe kabla reli ya kwanza haijatandikwa.