Upepo wa Tairi na Riziki ya Mwendesha Pikipiki wa Galu

Mwendesha pikipiki aiachapo lami ya Diani na kuingia vichochoro vya Galu, kuelekea Kinondo, hukuta mchanga mweupe ulio laini na mawe ya matumbawe yenye makali. Wako wapunguzao upepo wa tairi hapo, ili tairi ijitandaze juu ya mchanga isizame. Jambo hilo si baya. Ubaya ni kurudi Ukunda juu ya lami, abiria mgongoni, na tairi ingali imelegea.

Pikipiki zilienea sana Kenya baada ya Serikali kuziondolea kodi zile zenye injini ndogo mwaka 2008, na vijana wengi wa Kwale wakapata kazi kwazo. Wengi huendesha chombo cha mtu mwingine, nao hupeleka hesabu ya kila siku kwa mwenyewe. Kibakicho ndicho cha chakula, cha karo, na cha tairi.

John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama katika mji wa Belfast, aliyepata hataza ya tairi ya upepo mwaka 1888, alianza kwa baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe mdogo. Tangu hapo upepo ndio ubebao mzigo. Mpira ni mfuko wake tu. Upepo ukipungua, tairi hukunjika na kukunjuka kila izungukapo. Kukunjika huko huzaa joto, joto hudhoofisha mpira, na meno ya kandoni hulika upesi. Petroli nayo huliwa zaidi. Tena tairi yenye tyubu ikilegea sana yaweza kuteleza juu ya ringi na kukata shina la vali. Ikiwa ni gurudumu la mbele, Mungu amsitiri aliyepakiwa.

Upepo uliozidi nao una hasara: tairi hulika katikati, huruka juu ya mawe, wala haishiki vyema njia iliyonyeshewa. Abonyezaye tairi kwa kidole gumba akasema yatosha, anabahatisha.

Pikipiki ndogo nyingi za abiria hutakiwa ratili 25 hivi kwa inchi mraba mbele; nyuma 28 mwendeshaji akiwa peke yake, na 32 akipakia mtu. Kipimo halisi kimo katika kitabu cha chombo chenyewe. Hesabu hiyo ni ya abiria mmoja. Apakiaye watatu na gunia la nazi asidhani kuongeza upepo kutamwokoa, maana tairi ina uzito wake wa mwisho.

Yafaa upepo upimwe alfajiri, kabla ya safari. Adhuhuri, tairi iliyokimbia juu ya lami ya moto huonyesha ratili mbili tatu zaidi. Azipunguzaye wakati huo ataikuta imelegea kesho yake. Kipimo cha mkononi ni kitu kidogo, na kimoja chatosha kituo kizima cha bodaboda, mradi wakubaliane nani atakitunza.