Minara ya Ukumbusho na Majina ya Waliokufa Vitani

Katika mji wa Nairobi, kando ya njia kuu iitwayo Kenyatta Avenue, zipo sanamu tatu za shaba nyeusi juu ya jiwe moja. Aliye katikati ni askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Upande mmoja amesimama mpagazi, na upande wa pili askari wa kikosi cha Waarabu. Maelfu ya watu hupita hapo kila siku, wengine kwa miguu na wengine kwa magari, na walio wengi hawajui watu wale ni nani wala kwa nini waliwekwa pale. Yafaa basi tueleze habari za sanamu hizo na za minara mingine ya namna hiyo, maana mnara waweza kuhifadhi kumbukumbu za watu, na pengine waweza kuzipunguza.

WAPAGAZI WALIKUWA NANI?

Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwezi wa Agosti, 1914. Huku Afrika Mashariki Waingereza walipigana na Wajerumani waliokuwa wakiitawala nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika. Jemadari wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, hakuweka silaha chini mpaka mwezi wa Novemba, 1918, huko Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala katika nchi ya Zambia.

Vita hivyo vilipita katika nchi iliyokuwa na barabara chache na reli chache zaidi. Mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota magari. Kwa hiyo vyakula, risasi, dawa, na hata vipande vya mizinga, vilichukuliwa vichwani na mabegani mwa watu. Kwanza watu walitafutwa kwa hiari yao, lakini katika mwaka wa 1915 ilitungwa sheria katika nchi hii ya kuwachukua kwa nguvu, na katika mwaka wa 1917 wilaya nyingi zilitozwa vijana kama zitozwavyo kodi. Hukadiriwa kwamba wote waliofanya kazi hiyo upande wa Waingereza, kutoka nchi nyingi za Afrika, walikuwa kama milioni moja.

Wengi wao waliokufa hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, uchovu, na chakula kilichokuwa haba au ambacho hakikupikwa kikaiva. Wanahistoria wengi huona kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walikaribia 100,000. Hawa ni baba za watu na waume za watu, na wengi wao jamaa zao hawakupata kujua walizikwa wapi.

SANAMU ZA MIJI MITATU

Baada ya vita Waingereza walisimamisha sanamu za ukumbusho katika Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Ile ya Dar es Salaam ilifunuliwa mwaka wa 1927, na ile ya Nairobi mwaka wa 1928. Maneno yaliyoandikwa juu yake yalitungwa na mwandishi mashuhuri Rudyard Kipling, ambaye mwanawe wa pekee alipotea katika vita huko Ufaransa mwaka wa 1915. Katika maneno hayo wapagazi waliitwa miguu na mikono ya jeshi. Tena ilitolewa ahadi kwamba mtu apiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Ukiuzunguka mnara wa Nairobi utayaona maneno hayo kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Lakini jina la mtu hata mmoja hutaliona.

Labda msomaji atasema kwamba haikuwezekana kuandika majina ya watu wengi namna hiyo. Na atazame basi mji wa Ypres katika nchi ya Ubelgiji. Huko, katika mwaka ule ule wa 1927, lilifunguliwa lango kubwa liitwalo Menin Gate, na katika kuta zake yamechongwa majina zaidi ya 54,000 ya askari ambao makaburi yao hayajulikani. Tume ya Makaburi ya Vita, iliyoundwa mwaka wa 1917, ilikuwa imeweka kanuni njema: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, katika kaburi au katika mnara, pasipo kutofautisha cheo, rangi wala dini.

Katika Afrika Mashariki kanuni hiyo haikufuatwa. Wakubwa wa wakati ule walisema kwamba Mwafrika hangeelewa maana ya jiwe la kaburi, na kwamba fedha zingepotea bure. Gavana wa Tanganyika alitoa shauri kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na ya mahali pengine, yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Hivyo Mzungu aliandikwa jina lake, na wapagazi wakapewa sanamu moja kwa wote.

MNARA HUSEMA NENO LA ALIYEUJENGA

Hapo twaona jambo la kuangaliwa sana. Mnara hausemi yote yaliyotokea. Husema yale ambayo waliousimamisha walitaka yakumbukwe. Pale iliposimama sanamu ya askari wa Dar es Salaam, Wajerumani walikuwa wamemsimamisha Hermann von Wissmann, aliyewashinda watu wa pwani waliopigana pamoja na Abushiri. Waingereza walipoutwaa mji mwaka wa 1916 walimwondoa. Sanamu ile ilifika mwisho Hamburg, Ujerumani, ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu mwaka wa 1922, na wanafunzi wakaiangusha katika miaka ya 1967 na 1968. Jiwe ni gumu, lakini heshima ya jiwe hutegemea mawazo ya watu.

Kwa upande mwingine, lipo kumbukumbu ambalo halikujengwa na mtu yeyote. Jeshi la wapagazi liliitwa Carrier Corps, na vinywa vya watu vikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Mahali walipopiga kambi katika Dar es Salaam pangali paitwa hivyo, na Nairobi nayo ina mtaa wake wa Kariokor. Kila aendaye huko sokoni kununua mboga hulitaja jeshi lile, ijapokuwa hajui.

DENI LIMEANZA KULIPWA

Katika mwezi wa Aprili, 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ilitoa taarifa juu ya makosa yake ya zamani. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, walio wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi, na Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi katika Bunge. Mwezi wa Januari, 2025, ulifunguliwa mnara mpya huko Cape Town kwa ajili ya Waafrika wa Afrika Kusini waliokufa katika vikosi vya kazi. Zipo nguzo za mti zaidi ya 1,700, na kila nguzo ina jina la mtu mmoja.

Kazi ya namna hiyo haiwezi kumalizwa na maofisi peke yake. Katika nyumba nyingi za Kenya na Tanzania zingaliko habari za babu aliyechukuliwa kwenda kubeba mizigo asirudi. Yafaa habari hizo ziandikwe: jina lake, jina la baba yake, kijiji chake, na mwaka alioondoka kama unajulikana. Daftari la shule latosha. Ahadi iliyoandikwa katika jiwe la Nairobi ilisema kwamba wana watalikumbuka jina. Nasi ndio wana wenyewe, na wajukuu, na vitukuu.